Naivasha: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Mlima, Ziwa na Korongo

Ziwa Naivasha liko kilomita 90 hivi kaskazini-magharibi mwa Nairobi, ndani ya Bonde la Ufa, mita 1,884 hivi juu ya usawa wa bahari. Mlima Longonot umesimama kusini-mashariki mwa ziwa, na Mbuga ya Hell's Gate, yenye korongo la Ol Njorowa, iko kusini. Kwa hiyo mgeni aliyelala ufukweni anaweza kupanda volkeno, kuendesha baiskeli kati ya punda milia na kupanda boti bila kuhama chumba. Majibu yaliyo hapa chini yanarudi mara nyingi kwenye jambo moja, nalo ni saa. Wengi wanaopata shida Naivasha walikuwa wakifanya jambo zuri kwa saa mbaya: mlimani saa sita mchana, ziwani saa kumi, korongoni mawingu yakiwa yametanda, ufukweni giza likiwa limeingia. Saa zote tunazotaja ni za Kiswahili.

Nitalala siku mbili tu. Nipangeje?

Siku ya kwanza fika mchana, pumzika, tembea kidogo. Usipange boti kwa jioni hiyo. Asubuhi ya pili chagua moja kati ya Longonot na Hell's Gate, maana kila moja inakula nusu siku na nguvu zako zote. Asubuhi ya tatu, kabla ya kuondoka, nenda ziwani saa moja asubuhi maji yakiwa yametulia.

Wapo wanaobana mlima na korongo katika siku moja. Inawezekana kwa mtu mwenye mazoezi na gari lake. Lakini utafika korongoni alasiri, miguu ikiwa imelegea na mvua ikiwa karibu, na hiyo ndiyo saa ambayo korongo halifai. Hatushauri.

Nitafikaje bila gari?

Matatu za Nairobi kwenda Naivasha hupita barabara mbili. Ya juu hupitia Limuru. Ya chini hushuka kwenye mteremko mkali hadi Mai Mahiu. Ukienda Longonot moja kwa moja, panda inayopita Mai Mahiu na umwambie kondakta mapema akushushe Longonot, kwa sababu matatu ya barabara ya juu haifiki huko kabisa na kosa hilo hutokea kila wikendi. Kutoka barabarani hadi lango la mbuga kuna bodaboda. Kubaliana bei ya kwenda na kurudi, na uchukue namba ya simu ya dereva, kwa kuwa jioni pikipiki huadimika langoni.

Kwa Hell's Gate na hoteli za ufukweni, shuka mjini Naivasha, kisha panda matatu za Kamere au Kongoni zinazopita Moi South Lake Road. Omba kushuka kwenye makutano ya Hell's Gate. Hapo ndipo wanapokodisha baiskeli, na kutoka hapo hadi lango la Elsa ni mwendo mfupi wa baiskeli.

Jumapili jioni barabara zote mbili za kurudi Nairobi hujaa. Ukiweza, ondoka kabla ya saa nane mchana au lala hadi Jumatatu.

Kiingilio kinalipwaje?

Longonot na Hell's Gate ni mbuga mbili za Shirika la Huduma kwa Wanyamapori Kenya, KWS, na kila moja ina lango na tiketi yake. Pesa taslimu hazipokelewi. Unalipa kupitia eCitizen, mfumo wa serikali wa malipo mtandaoni. Viwango hutofautiana kati ya raia, mkazi na mgeni wa kigeni, na pia kati ya mtu mzima na mtoto, kwa hiyo beba kitambulisho au pasipoti. Bei hubadilika, zitazame kwenye tovuti wiki ya safari yenyewe, si kwenye picha uliyotumiwa na rafiki aliyekwenda mwaka jana.

Lipia ukiwa bado nyumbani au hotelini penye intaneti nzuri. Foleni ya langoni asubuhi aghalabu si ya watu wanaoingia, ni ya watu wanaosubiri mtandao. Baiskeli, mwelekezi wa korongoni na boti hulipiwa kando.

Longonot ni ngumu kiasi gani, na inachukua muda gani?

Ni mlima wa nusu siku, ila usiudharau. Una sehemu mbili tofauti kabisa, na ni vizuri kuzihesabu kila moja peke yake.

Sehemu ya kwanza ni kutoka langoni hadi ukingo wa kreta, kilomita 3.1. Lango liko takriban mita 2,150 juu ya usawa wa bahari. Mwanzo ni mwinuko wa taratibu, kisha njia inaingia kwenye mifereji iliyochimbwa na maji ya mvua, na mwisho unapandisha kwa ukali hadi ukingoni. Mtu wa kawaida hutumia kati ya saa moja na saa moja na nusu. Ukifika hapo tayari unaliona shimo lote la volkeno chini yako, na sakafu yake imefunikwa na msitu. Ukigeuka, ziwa liko nyuma yako. Ukichoka, rudi kutoka hapo bila aibu, umeshauona mlima.

Sehemu ya pili ni kuuzunguka ukingo wenyewe, kilomita 7.2. Hapa ndipo watu wanapokosea hesabu. Kwa kuwa ukingo unaonekana kama duara, mtu hudhani ni tambarare. Sivyo. Unapanda na kushuka vilima kadhaa, na njia ya kufikia kilele, Kilele Ngamia, mita 2,776, ina vipande ambavyo utashika mawe kwa mikono. Tenga saa tatu hadi nne. Jumla ya safari yote, kutoka langoni na kurudi langoni, ni kilomita 13.4, na wengi huimaliza kwa saa tano au sita wakiwa na mapumziko.

Anza saa kumi na mbili na nusu asubuhi au saa moja. Mlimani hakuna kivuli cha kutegemea, na kufikia saa tano jua linachoma kutoka juu na vumbi linarudisha joto kutoka chini. Kama umefika ukingoni na saa yako inasoma zaidi ya saa saba mchana, usianze mzunguko. Mbuga hufungwa saa kumi na mbili jioni, na nusu ya pili ya mzunguko haina njia ya mkato: ukishapita katikati, ni karibu sawa kuendelea au kurudi.

Kwa nini watu huanguka zaidi wakishuka kuliko wakipanda?

Udongo wa Longonot ni majivu ya volkeno. Wakati wa kiangazi huwa unga laini uliolala juu ya mwamba mgumu, na mguu huteleza kama uliokanyaga mtama uliomwagika sakafuni. Wakati wa mvua unga huo huwa tope linalonata kwenye soli hadi kiatu hakina tena meno. Anayepanda huegemea mbele na mikono iko karibu na ardhi. Anayeshuka huegemea nyuma, magoti yakiwa yamechoka, na macho yako kwenye mandhari badala ya njia.

Shuka kwa hatua fupi, magoti yakiwa yamekunjwa kidogo, unyayo wote ukigusa chini kwa pamoja. Kanyaga kando ya mfereji penye nyasi au mawe yaliyojishikilia, si katikati penye vumbi. Fimbo moja ya kutembelea husaidia kuliko watu wanavyodhani. Acha nafasi ya hatua tano au sita kati yako na aliye mbele, kwa sababu akiteleza hatateleza peke yake, na kwa sababu vumbi lake litakujaa machoni.

Nibebe nini mlimani?

Maji kwanza. Njiani hakuna chemchemi wala duka. Kwa kufika ukingoni tu, lita moja na nusu kwa mtu. Kwa mzunguko mzima, lita tatu. Anayesema tatu ni nyingi hajauzunguka Februari. Ongeza chakula chenye chumvi na sukari: ndizi, njugu karanga, mayai ya kuchemsha, chapati. Chumvi ina kazi. Mtu aliyetoka jasho kwa muda wa saa nne na kunywa maji matupu ndiye anayeshikwa na misuli kwenye mteremko wa mwisho.

Viatu viwe na meno na viwe vimeshazoea mguu wako. Raba nzuri zinatosha wakati wa kiangazi; buti zinazoshika kifundo cha mguu ni bora msimu wa mvua. Kofia yenye ukingo, mafuta ya kukinga jua, koti jepesi la upepo kwa ajili ya ukingoni, na kitambaa cha kufunika pua vumbi linapotimka. Kata kucha za miguu siku moja kabla. Ni jambo dogo, lakini kucha ndefu zikigonga ncha ya kiatu kilomita kumi, utaikumbuka safari kwa wiki tatu.

Natoka Mombasa. Je, urefu huu utaniathiri?

Utahisi pumzi fupi na pengine kichwa kitauma kidogo siku ya kwanza. Mtu aliyeamka usawa wa bahari na kupanda hadi mita 2,776 siku hiyo hiyo ameuomba mwili mengi. Lala usiku mmoja Naivasha kwanza, kunywa maji ya kutosha, punguza mwendo hadi uweze kuzungumza unapopanda. Kichwa kikiuma sana au ukitapika, shuka. Hata mita mia tatu chini huleta nafuu. Mwenye ugonjwa wa moyo, pumu kali au upungufu wa damu azungumze na daktari wake kabla ya kufunga safari.

Baridi nayo huwashangaza watu wa Pwani. Usiku wa Julai joto linaweza kushuka chini ya nyuzi 10. Sweta si pambo.

Naweza kuteremka ndani ya kreta?

Hapana. Njia inayotunzwa ni ya kupanda na ya kuzunguka ukingo. Kuta za ndani ni wima, mwamba wake unamomonyoka, kuna nyati kwenye msitu ule, na kumtoa mtu aliyevunjika mguu kule chini ni kazi ya siku nzima. Moshi unaoonekana kwenye kuta ni mvuke. Volkeno imelala, haijafa.

Hell's Gate kwa baiskeli: njia ni ipi, na ni umbali gani?

Hell's Gate ni miongoni mwa mbuga chache za Kenya ambamo unaruhusiwa kutembea kwa miguu au baiskeli bila kuwa ndani ya gari. Ilianzishwa mwaka 1984 na ina ukubwa wa kilomita za mraba 68 na ushei. Wengi huingia lango la Elsa, wanapita mnara wa mwamba wa Fischer's Tower uliopo karibu na lango, wanafuata bonde lenye majabali mekundu pande zote mbili, na kufika kituo cha askari kilicho juu ya korongo la Ol Njorowa. Ni kilomita saba au nane kwenda. Kwa mwendo wa kutazama wanyama, tenga saa moja na robo.

Kwenda ni rahisi. Kurudi ndiko kunakochosha, kwa sababu kwa wakati huo upepo umeanza, jua limepanda na umeshatembea korongoni. Usimalize nguvu wala maji kabla ya kugeuza baiskeli.

Barabara ni ya vumbi na kokoto, yenye mabaka ya mchanga mzito. Ukiingia kwenye mchanga usikate kona wala kubana breki ya mbele: shuka gia, endelea kupiga pedali kwa upole, uzito ukiwa nyuma. Gurudumu la mbele likianza kuzama, shuka utembee hatua kumi. Wanaoanguka huanguka kwa kupigana na usukani.

Nikikodi baiskeli, nikague nini?

Usipokee ya kwanza unayopewa. Dakika tano za kukagua zinakuokolea saa mbili za kusukuma.

Bana breki ya nyuma na usukume baiskeli mbele, gurudumu lisizunguke. Fanya hivyo na ya mbele. Tazama mpira wa breki: ukiwa umeisha hadi chuma, ikatae. Inua nyuma, zungusha pedali na ubadilishe gia zote. Cheni inayoruka uwanjani itaruka zaidi kilimani. Bonyeza matairi kwa kidole gumba, yawe magumu lakini si kama jiwe. Shika gurudumu juu na ulitikise kushoto na kulia. Likicheza, beringi zimelegea. Kisha kiti: ukikaa na kisigino kikiwa juu ya pedali iliyo chini kabisa, mguu unyooke. Kiti cha chini ndicho chanzo cha magoti kuuma, na watu wengi huendesha hivyo siku nzima bila kujua kinarekebishwa.

Omba pampu, tyubu ya akiba na spana. Miiba ya migunga hutoboa tairi bila huruma, na pancha katikati ya bonde bila pampu ina maana ya kutembea. Ukitoboka, usichomoe mwiba na kuendelea. Pitisha vidole ndani ya tairi taratibu, kwa maana mara nyingi kuna wa pili, na ndio utakaotoboa tyubu mpya.

Wanyama je?

Utakutana na punda milia, twiga, swala, kongoni, pofu na ngiri. Hawa wakuone mapema; usiwapitie ghafla kwa nyuma, na usiwafukuze kwa ajili ya picha. Wa kuangaliwa ni nyati. Kundi lililo mbali linakula, lipite kimya. Nyati dume aliye peke yake karibu na barabara, simama mbali, mita mia moja au zaidi, mngoje aondoke au geuka. Gari likipita, muombe dereva akukinge kwa kwenda nalo sambamba. Chui wapo, ila ni nadra kuonekana mchana.

Nyani ni tatizo la aina nyingine. Wanajua sauti ya karatasi ya biskuti. Chakula kikae ndani ya begi lililofungwa zipu, si kwenye kikapu cha baiskeli. Na pimbi wa Fischer's Tower usiwalishe, hata wakikukaribia wakikutazama kwa macho yale.

Je, korongo la Ol Njorowa ni salama?

Ni salama siku kavu, ukiwa na mwelekezi na ukiondoka mapema. Mvua ikinyesha, ni mtego. Tunalieleza kwa urefu kwa sababu limeua. Aprili 2012 mafuriko ya ghafla yaliua vijana saba waliokuwa kwenye ziara ya kanisa. Septemba 2019 maji yaliwachukua tena watu saba, akiwemo mwelekezi, na korongo likafungwa kwa muda.

Maji yenyewe yamelichonga korongo hili kwenye mwamba laini wa majivu, na mahali fulani ni jembamba kiasi kwamba unagusa kuta zote mbili kwa mikono. Eneo linalokusanya mvua na kuimwaga humo ni kubwa na liko mbali, juu, ambako huwezi kukuona ukiwa chini. Inaweza kunyesha huko ilhali juu yako ni jua na anga la buluu. Ardhi ni kavu na haina nyasi nyingi za kuzuia maji, hivyo hayanywei, hukimbia. Yakifika kwenye sehemu nyembamba, maji yaliyokuwa ya kufika kifundo cha mguu pale penye upana huwa ya kufika kifua, yakiwa yamebeba magogo na mawe. Kukimbia mbele yake haiwezekani, na kuta hazipandiki.

Kwa hiyo, kwenye kituo cha askari uliza maswali matatu kabla ya kushuka: korongo limefunguliwa leo? Kumenyesha jana usiku au asubuhi upande wa juu? Sehemu zipi zimefungwa? Kisha chukua mwelekezi wa hapo, mara nyingi kijana wa Kimaasai aliyekulia eneo hilo, na kabla ya hatua ya kwanza mwambie akuonyeshe njia za dharura za kupandia. Kila unapoingia sehemu nyembamba, ujue ya mwisho uliyoipita iko wapi.

Ondokeni mara moja mkisikia ngurumo hata za mbali, mkiona maji yaliyokuwa safi yamegeuka kuwa na tope, mkiona vijiti na majani yakielea, au mkisikia mvumo usioeleweka. Usisubiri kumaliza picha, na usibishane na mwelekezi akisema turudi. Msimu wa mvua za masika, Machi hadi Mei, na za vuli, Oktoba hadi Desemba, ingia asubuhi tu. Mvua za Bonde la Ufa hupenda alasiri. Ukiwa na shaka, kaa juu. Korongo linaonekana vizuri pia kutoka ukingoni.

Jambo moja zaidi: kuna chemchemi za maji moto zinazochuruzika kwenye kuta. Eneo zima la Olkaria limekaa juu ya joto la ardhini, na umeme umezalishwa hapo kutokana na mvuke tangu 1981. Baadhi ya maji hayo huunguza. Yajaribu kwa kusogeza kiganja bila kuyagusa, na usimweke mtoto humo.

Nataka kupanda Fischer's Tower kwa kamba. Nahitaji uzoefu?

Mnara una urefu wa mita 25 hivi, na ulipewa jina la Gustav Fischer, Mjerumani aliyepita hapa mwaka 1883. Wapandaji wa hapo huwa na vifaa vya kukodi na humsaidia anayeanza kwa kamba iliyofungwa juu. Ikague kamba kwa mkono wako: sehemu iliyovimba, iliyolainika kama uzi au iliyokakamaa ni sababu ya kukataa. Mkanda wa kiunoni ukazwe juu ya mifupa ya nyonga. Helmeti ni lazima hata kwa anayesimama chini, kwa kuwa mawe madogo humeguka.

Saa ngapi ni nzuri kwa boti?

Kuanzia saa moja hadi saa nne asubuhi. Jina Naivasha limetokana na neno la Kimaasai Nai'posha, maji yenye mawimbi, na Wamaasai hawakulitoa bure. Asubuhi ziwa hulala kama kioo. Jua likishapasha moto sakafu ya bonde, upepo huanza kuvuma, na kuanzia saa nane hadi jioni unaweza kuwa mkali. Ziwa ni la kina kifupi sehemu kubwa, na maji ya kina kifupi hutengeneza mawimbi mafupi, wima na yanayofuatana haraka. Boti ndogo haipati nafasi ya kupumua kati ya wimbi na wimbi.

Ndege nao ni wa asubuhi. Zaidi ya aina 400 zimehesabiwa hapa, na bila kuhangaika utaona furukombe, mwari na mdiria. Manahodha wengine humrushia furukombe samaki ili ashuke mbele ya kamera. Hatupendi mchezo huo; ukikaa kimya dakika ishirini utamwona akivua mwenyewe, na ni kitu kizuri zaidi.

Nitajuaje kama boti na nahodha ni wa kuaminika?

Hesabu majaketi ya kuokolea maisha kabla ya kupanda. Liwe moja kwa kila mtu, la ukubwa wake, na livaliwe, kamba zote zikiwa zimefungwa. Njia ya kulijaribu: mtu mwingine alivute juu mabegani, likipanda hadi masikioni, ni kubwa mno. La mtoto liwe na mkanda unaopita katikati ya miguu. Jaketi lililokaliwa kama mto wa kiti halimwokoi mtu.

Tazama ndani ya boti: kuwe na makasia mawili ya akiba na kopo la kutolea maji. Muulize nahodha idadi ya juu ya abiria, na usikubali kuongezwa wa mwisho. Tangu maji yalipopanda, hasa kuanzia 2020, migunga mingi imekufa ikiwa imesimama ndani ya ziwa, na mashina mengine yamezama kidogo tu chini ya maji. Nahodha mzuri hupunguza mwendo karibu nayo. Anayepita kwa kasi atavunja propela, na boti isiyo na injini mbele ya viboko ni tatizo. Magugu maji nayo huhamishwa na upepo na yanaweza kufunga gati ulilotokea asubuhi.

Kutoka kwa viboko, mita hamsini ndio umbali wa chini kabisa. Ukimwambia nahodha asogelee kidogo, atakubali kwa kuwa anataka kukuridhisha, basi usimwambie.

Viboko hutoka majini saa ngapi?

Jua likizama, na hukaa nchi kavu wakila nyasi hadi karibu na alfajiri. Nyasi fupi za kijani za bustani ya hoteli ndicho chakula chao. Hoteli na kambi nyingi zimeweka uzio wa umeme unaowashwa jioni. Uliza uko wapi na unawashwa lini, na usiuvuke kwenda kutazama nyota ufukweni. Ukitaka kwenda chumbani usiku, mwombe mlinzi akusindikize.

Usijisahau saa yoyote. Agosti 2018 mtalii aliyekuwa akipiga picha karibu na maji aliuawa na kiboko. Kinachomkasirisha mnyama huyu ni mtu kusimama kati yake na maji, au kati ya mama na mwanawe. Ukimwona nchi kavu, rudi nyuma taratibu huku ukimwachia njia ya kwenda ziwani. Akija, usikimbie moja kwa moja mbele yake, maana anakushinda mbio. Jifiche nyuma ya mti mnene au gari.

Naweza kuogelea au kuvua samaki ziwani?

Kuogelea, hapana, kwa sababu hiyo hiyo ya viboko. Hoteli zina mabwawa. Kuvua kwa ndoano kunahitaji leseni na kufuata utaratibu wa kikundi cha wavuvi cha ufuo unaotaka; nenda na mvuvi mwenyeji kwa boti, si kwa kusimama kwenye mafunjo, ambako kiboko hupumzika mchana.

Kisiwa cha Crescent kina nini?

Ni sehemu ya ukingo wa kreta ya kale iliyozama, ndiyo maana kina umbo la mwezi mwandamo. Unatembea kwa miguu kati ya twiga, punda milia, nyumbu na kuro, na hakuna simba. Tenga saa mbili. Kiingilio ni tofauti na nauli ya boti, na hapa ndipo ugomvi mwingi wa bei unapozaliwa: uliza mapema kama bei uliyotajiwa inajumuisha vyote viwili, pamoja na muda wa boti kukusubiri. Kaa mbali na kingo za maji.

Naweza kupiga hema?

Ndiyo, ufukweni kwenye kambi zenye uzio, au ndani ya Hell's Gate kwenye Naiberta, Ol Dubai na Endachata. Zile za mbugani hazina uzio, kwa hiyo beba maji yako yote, tochi mbili na chakula cha kufungia ndani ya gari, si ndani ya hema. Usilaze hema kwenye njia iliyokanyagwa na wanyama wala chini ya mgunga mkavu. Matawi huanguka upepo wa alasiri ukivuma. Godoro jembamba la chini ni muhimu kuliko blanketi la pili, kwa maana baridi hutoka ardhini.

Msimu gani unafaa?

Januari na Februari ni kavu, anga safi, jua kali. Juni hadi Septemba ni baridi na pia kavu kiasi, na kwa kupanda mlima ndio wakati tunaoupenda. Epuka wiki ya Safari Rally kama hukuja kwa ajili ya magari. Tangu mashindano hayo yaliporudi kwenye ratiba ya dunia mwaka 2021, Naivasha ndiyo kitovu chake. Vyumba huisha na barabara hufungwa.

Watoto wanaweza?

Kisiwa cha Crescent, ndiyo. Baiskeli za bondeni, kuanzia miaka kumi hivi kwa anayejua kuendesha vizuri. Longonot hadi ukingoni, mtoto wa miaka minane anayezoea kutembea hufika, mkianza mapema. Mzunguko mzima na korongo, subirini akue.

Chupa za maji za plastiki zinaruhusiwa?

La. Tangu tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumika mara moja zimepigwa marufuku kwenye mbuga na maeneo ya hifadhi ya Kenya: chupa, vikombe, sahani, vijiko na mirija. Utanyang'anywa langoni na kubaki bila maji kabla hujaanza kupanda. Njoo na chupa ya chuma au ngumu ya kujaza tena, na uijaze hotelini.

Kukitokea dharura?

Namba za dharura Kenya ni 999 na 112. Ukiwa mbugani, kwa kawaida askari wa langoni hukufikia mapema zaidi, kwa hiyo hifadhi namba ya lango kabla ya kupanda. Mtandao wa simu hushika vizuri kwenye ukingo wa Longonot na sehemu kubwa ya bonde, lakini korongoni hupotea. Mtu mmoja wa kundi abaki juu, au mwachie askari jina lako na saa unayotarajia kutoka. Mtu akivunjika, asinyanyuliwe kwa pupa. Mfunike asipate baridi, mpe kivuli, tuma wawili kwenda kuita msaada, na mmoja abaki naye.